Kwa Phakamile Gqirana, Besi wa Safu ya Nyuma

Mwaka umetimia, Phakamile, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoketi ukingoni mwa kitanda kufunga viatu, ukamwambia mkeo Vuyelwa kwamba mwili umechoka, ukajilaza tena kidogo na hukuamka. Madaktari walisema ni moyo. Kiatu kimoja ulikuwa umeshakifunga, na ulikifunga vizuri kama kawaida yako.

Familia imenipa kalamu mimi, dada yako Nonzwakazi, kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne na wanaamini mwalimu anajua kuandika kwa ufupi. Mkeo ameniomba nisiwalize watu. Mama amesema niandike ukweli mtupu. Nitajitahidi, ingawa unajua hawa wawili hawajawahi kutaka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Jumamosi tulifunua jiwe la kaburi lako. Kabla mchungaji hajafika kwenye amina, upepo wa mji wetu wa Gqeberha ulilinyakua shuka lililolifunika na kulipeleka makaburi matatu mbele, kwa hiyo ulijifunua mwenyewe. Mama alicheka mpaka tukamshika. "Huyu hakuwahi kuwa na subira na mapazia," alisema. Vuyelwa amevua nguo nyeusi. Alikuja kwenye chakula na lile gauni la njano ulilomnunulia, alilolikataa miaka mitatu akidai linapiga kelele. Limempendeza sana. Ulikuwa sahihi, na nasema hivi hadharani kwa sababu nilipokuwa nawe sikukuambia hivyo mara nyingi.

Wapo watakaosoma hapa na hawakukufahamu. Hao wajue kwamba ulizaliwa New Brighton, mtoto wa mwisho wa Mzee Gqirana na MaDlomo. Ulipaka rangi milango ya magari kiwandani kwa miaka sita, na jioni uliimba besi katika kwaya ya Masibulele, safu ya nyuma, kiti cha pembeni mwa Baba. Ulijifunza kuimba kama sisi wote, kwa solfa, do na re na mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni. Ulikuwa na miaka ishirini na sita jaji mmoja kutoka Cape Town alipokusikia kwenye mashindano ya waimbaji wa pekee. Yule mama alikuja mpaka nyumbani, akanywa chai vikombe vitatu, akamwambia Baba kwamba sauti ile si ya kupaka milango.

"Milango yake nayo ni mizuri, mama," Baba alimjibu. Lakini alikuachia ukaenda.

Ukasoma chuo cha opera, kisha ukaenda Ujerumani, kwenye mji mdogo wenye jumba la opera kubwa kuliko mji wenyewe. Walikuchukua kwa msimu mmoja. Ukakaa misimu ishirini na miwili. Sauti yako waliiita besi-baritoni, yaani inakaa chini lakini ikitakiwa kupanda inapanda. Mama hakuridhika na maelezo hayo. Alitaka kujua ni sauti ya kufanyia kazi gani.

"Ya watu wabaya, Mama," ulimwambia kwenye simu. "Tenor, mwenye sauti nyembamba, ndiye anayempata binti. Mimi napata kisu."

"Yaani nimekulea kwa uji wa mtama ili ukafe kila Ijumaa mbele ya Wajerumani?"

"Na Jumapili mchana, Mama. Lakini nakufa vizuri, gazeti limeandika."

Ulikuwa shetani mara mbili, mfalme mara tano, padri mara zisizohesabika, na baba mkali anayemkatalia binti yake kuolewa kila mwaka bila kukosa. Mama alikuja kukuona mara moja, katika msimu wako wa tisa. Vuyelwa alimkalisha roshani ya juu. Ulikuwa mfalme dhalimu, ukachomwa kisu, ukaanguka, na ukumbi mzima ukanyamaza. Hapo Mama akasimama, akapiga kigelegele, akaanza kukusifu kwa majina ya ukoo wetu: "Bhele! Khuboni! Dunjane! Langa! Qunta!" Kwetu mtu akifanya vizuri ndivyo anavyoshukuriwa, na Mama hakuona sababu ya kumnyima marehemu haki yake. Vuyelwa alimvuta sketi.

"Niache! Mtoto amekufa vizuri!"

Na wewe pale chini, maiti ya mfalme, tumbo likaanza kutikisika. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mfalme alikufa akiwa na pumzi nyingi.

Baba alifariki katika msimu wako wa kumi na tano. Ulikuja siku tatu, ukazika, ukarudi, kwa sababu Ijumaa palikuwa na onyesho na hapakuwa na mwingine wa kuliimba. Nadhani ndipo jambo hili lilipoanza. Tangu siku hiyo kila ulipopiga simu uliuliza, "Kiti cha Baba anakaa nani?" Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kwaya, kwa hiyo nilijua. Hakukaa mtu. Tuliweka makoti.

Ukarudi nyumbani na miaka hamsini na sita, masanduku manne na skafu kumi na moja, ambazo ulizivaa hata Januari jua likichoma lami. Mtaa mzima ulifurahi, isipokuwa wale waliokusubiri nyumbani ulete mkate. Dukani ni mwendo wa dakika tano, lakini wewe ulimsalimia kila mtu kwa jina la ukoo wake, ukauliza habari za goti la huyu na mimba ya yule, ukarudi baada ya saa nzima na mkate umepondeka kwapani. Ulicheka kabla hujamaliza kichekesho. Vichekesho vyako vingi hatujui vinaishaje mpaka leo.

Vyuo viwili vilikuita ukafundishe. Ulivikataa vyote. Ulikuja jikoni kwangu, ukala sahani mbili za mahindi ya kukobolewa na maharage, ukafuta mdomo, ukasema ulichokijia.

"Dada, nimesimama peke yangu mbele ya watu miaka ishirini na miwili. Sasa nataka kusimama nyuma, na wenzangu, kwenye kiti cha Baba. Sina kingine ninachotaka."

"Kiti ni chako," nilikujibu. Nilijibu haraka mno.

Alhamisi ya mazoezi yako ya kwanza ukumbi wa kanisa ulijaa. Hata walioacha kwaya zamani walikuja na bleza zao. Nikatoa sauti ya kuanzia, tukaanza wimbo wa Kixhosa, ule uliokuwa wa lazima mashindanoni mwaka ule. Mstari wa pili besi wakaingia, na kwaya yangu ikavunjika. Sina neno lingine. Vioo vilitetemeka. Alto waligeuka kukutazama, wakapoteza sauti yao. Tenor waliongeza nguvu ili wakufikie, wakapasuka. Na wale besi tisa waliokuzunguka waliacha kabisa kuimba, wakabaki wanakusikiliza midomo wazi.

Mzee Dumalisile, kiongozi wa besi, mchomeleaji mstaafu asiyetabasamu bila sababu, aliinua mkono. "Mwalimu, sisi wengine turudi nyumbani, au tubaki tumshikie koti?"

Watu walicheka, nawe ulicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Masibulele ilikuwa haijafika mashindano ya taifa kwa miaka kumi na mmoja. Watu thelathini na wanane, wauguzi na madereva na wauza mboga, waliacha sufuria jikoni mara tatu kwa wiki kwa ajili ya jambo hilo moja. Na nilijua kwamba jaji yeyote angemsikia mtu mmoja, na kwaya inayomsindikiza.

Nilikuambia siku iliyofuata, mezani kwa Mama, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukuambia tukiwa wawili tu.

"Phakamile, sikuweki."

"Hunipi uimbaji wa pekee? Mbona sijauomba."

"Sikuweki hata nyuma. Hutoshei."

"Mimi?" Ulitua kijiko. "Dada, nimeimba na orkestra ya watu themanini!"

"Ndiyo shida yenyewe. Umefundishwa kuwapita watu themanini. Mimi besi wangu ni tisa, na mmoja ana pumu."

"Nonzwakazi!" Mama aliingilia. "Huyo ni mdogo wako!"

"Kwenye kwaya sina mdogo, Mama."

"Sawa. Na kwenye meza yangu hakuna mwalimu," akalisogeza bakuli la nyama mbali nami.

Uliondoka bila kumaliza chai. Nilisikia geti likifungwa, nikaenda chooni nikalia, na hilo hukulijua. Maisha yako yote uliniomba kitu kimoja tu, nami nilikuwa nimekunyima.

Ulininunia siku nane. Siku ya tisa ulikuja mazoezini, ukabisha hodi kama mgeni, ukasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, nimekuja kujifunza. Nikae wapi?" Nikakuonyesha benchi la ukutani. Ukakaa.

Mwaka ule hukuimba nasi hata noti moja mbele ya watu. Ulipiga pasi bleza. Ulibeba maji. Ulichukua nyimbo zilizoandikwa kwa mistari mitano, ambazo wengi wetu hatuwezi kuzisoma, ukazigeuza kuwa solfa kwa mkono wako, sauti zote nne, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha ukatoa nakala na kuzigawa kwa kila kwaya iliyoomba, wakiwemo mahasimu wetu wa KwaZakhele, ambao wakatushinda kwa karatasi zetu wenyewe. Nilipokugombeza ulishangaa kweli.

"Lakini walikuwa wanaikosea ile nusu sauti, Dada. Ilikuwa inaniuma masikioni."

Kwenye mashindano yenyewe bwana mmoja alikusimamisha mlangoni. "Samahani, wewe si yule Gqirana wa opera? Mbona umebeba ndoo?"

"Niko benchi," ulimjibu. "Kocha wangu mkali."

Na kila baada ya mazoezi ulibaki na Mzee Dumalisile. Alikuweka kushoto kwake, bega kwa bega, kiganja chake mgongoni mwako. Ukizidi, anabonyeza. Wiki za mwanzo alibonyeza tangu noti ya kwanza mpaka ya mwisho, akawa anarudi nyumbani mkono umekufa ganzi.

"Ukijisikia wewe, umepotea!" alikufokea. "Mimi ndiye wa kusikia!"

"Nakusikia, Mzee."

"Unanisikia kwa sababu nakufokea! Imba tena."

Sauti ya mwimbaji wa opera ina chuma ndani yake, mng'ao fulani unaoivusha juu ya vyombo vyote mpaka kiti cha mwisho. Ulikitia chuma hicho kwa jasho la miaka mingi, na sasa ulitakiwa kukitoa bila kuiua sauti yenyewe. Vuyelwa anasema ulifanya mazoezi ukiosha vyombo, ukijaribu kuimba bila kulizidi bomba la maji. Vyombo havijawahi kuwa safi vile. Kuna siku ulirudi nyumbani ukamwambia kwamba huenda umezeeka mno kujifunza kuwa mtu wa kawaida. Asubuhi yake ulikuwa tena kwenye sinki.

Mwezi wa kumi na nne wa mazoezi hayo Mzee Dumalisile alinijia. "Mwalimu, mjaribu."

Tukakubaliana hivi. Ningekwenda mwisho wa ukumbi na kuugeukia ukuta. Besi wangeimba wimbo uleule mara tatu, wewe ukiwemo au usiwemo, kadiri wao watakavyoamua. Nikikutambua, unarudi benchi mwaka mwingine. Ulikuwa umeshafika miaka hamsini na minane, na wote wawili tulijua kwamba sauti haikai ikamsubiri mtu.

Nilikulea mgongoni, Phakamile. Sauti yako naijua tangu ilipokuwa ya kulilia uji. Nilikuwa na hakika nitakutambua, na nilimwomba Mungu nisikutambue, na papo hapo niliapa kwamba sitadanganya.

Wakaimba. "Hayumo," nilisema.

Wakaimba mara ya pili. Nilifumba macho, nikatafuta kile chuma. "Hayumo."

Mara ya tatu ilikuja besi nene, yenye joto, na ndani yake nikasikia kitu kilichoniingia mpaka mifupani. Moyo ukanivunjika. "Yumo," nilisema kwa ukuta. "Huyo hapo. Samahani, mdogo wangu. Nimekusikia."

Nikageuka. Ulikuwa umekaa benchini, mikono magotini, mdomo umeufumba.

"Mwalimu," Mzee Dumalisile alisema taratibu, "alikuwemo mara mbili za mwanzo."

Ukaanza kulia. Mtu aliyeua na kuuawa jukwaani mara mia nne, unalia kwenye benchi la kanisa kwa sababu dada yako ameshindwa kukusikia. Nami nikalia, safari hii hadharani. Mzee Dumalisile alitukatia shauri. Alikwenda kwenye kiti cha Baba, akayaondoa makoti, akayarundika sakafuni.

"Njoo ukae, bwana. Mkono wangu umechoka."

Septemba tulikwenda mashindano ya jimbo. Nyuma ya pazia uliifungua na kuifunga tai yako mara nne. "Ujerumani sikuwahi kuogopa," uliniambia. "Kule nikikosea, nakosea peke yangu." Nikakunyoosha tai, nikakuambia unyamaze. Tukaimba. Tukashinda kwa alama mbili, na watu wazima wenye wajukuu waliruka kama watoto.

Kwenye karatasi ya jaji, chini ya neno besi, palikuwa na maneno machache: "Sauti moja. Sikuweza kumtenga hata mtu mmoja." Uliniomba karatasi ile, na mwalimu wa kwaya haruhusiwi kuitoa, nami nikakupa. Uliitia kwenye fremu, ukaitundika juu ya televisheni. Magazeti ya Kijerumani yaliyokusifu bado yamo sandukuni. Mgeni akija ulimwonyesha karatasi ya jaji, ukamwambia, "Soma. Mimi simo kabisa!" Halafu ulicheka mpaka ukakohoa.

Baada ya hapo uliimba nasi kwa wiki sita tu. Vuyelwa anasema hakuwahi kukuona na furaha kama ile, na yeye alikuwepo hata siku ulizopigiwa makofi na watu waliosimama. Mashindano ya taifa hukuyafikia. Tulikwenda bila wewe, tukawa wa nne, na kwenye basi wakati wa kurudi tuliimba njia nzima. Ungependa. Ungeanza wimbo na kuusahau katikati kwa kucheka.

Nimekukosa, Phakamile. Nakukosa hata nikiwa nimekasirika, ambayo ni mara nyingi.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Tunaokukumbuka ni mama yako MaDlomo, mkeo Vuyelwa, wanao Anelisa na Lithemba, ambaye ni tenor, maskini, itabidi aridhike na kumpata binti, mimi dada yako Nonzwakazi, ukoo wote wa Bhele, na kwaya ya Masibulele. Nilitaka kuwataja besi kwa majina, mmoja mmoja, kwa kuwa ndio waliolibeba jeneza lako. Jana Mzee Dumalisile alikuja na ujumbe wao, akausema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, usitutaje. Andika besi, inatosha. Tumebaki tisa, lakini wewe andika kumi."

Nimeandika. Besi kumi wa Masibulele.